Ziwa Lote Lile

Betri ya kwanza niliizika mwenyewe,
yaani niliibeba mgongoni nikashuka nayo mawe ya Igogo
hadi kwa mnunua vyuma chakavu,
akanipa elfu kumi na nne, na pole.

Ilikufa siku ya kumi na tisa.
Mayai mia na ishirini yalikuwa mashineni.
Umeme ulikatika saa mbili usiku;
kabla ya saa tano inveta ikawasha jicho jekundu,
ikalia kama mtoto aliyeota vibaya,
ikanyamaza.
Nilifunika mashine kwa blanketi, kwa kanga,
kwa koti la marehemu shemeji.
Asubuhi nilipasua yai moja nihakikishe.
Sikupasua la pili.

Nikaenda Makoroboi, cheka nami,
mtaa wenye jina la vibatari
ambako siku hizi masola yamepangwa mpaka barazani.
Fundi alikuwa msichana, Ng'wasi wa mzee Lushinge,
sketi yake imejaa vitundu vya tindikali.
Hakuniuliza nina shilingi ngapi.
Aliuliza, "Kwako itakesha na nini?"
"Mayai."
"Na ile ya kwanza ilikuwa ya gari?"
Nikakaa kimya.
"Ya gari husukuma mara moja, kwa kishindo, ikapumzika.
Ile ni ya kuwasha, mama. Wewe unataka ya kukesha."

Akanipakata mbili, moja baada ya nyingine,
zote zimeandikwa ubavuni: ampia mia.
Moja ilinikunja magoti.
Nyingine niliinyanyua kama debe la pumba.
"Namba ni wino tu," akasema. "Risasi haiudanganyi mzani."

Ilikuwepo na ya lithiamu, nyembamba,
haiombi maji, bei yake ng'ombe wawili na ndama.
Niliitazama
kama tunavyozitazama nyumba za Capri Point kutoka huku juu.

Alipofunga duka alipanda nami mlima.
"Ile ilikaa wapi?"
Nikamwonyesha nyuma, penye jiwe.
Nyumba yetu ina kuta tatu za tofali;
ya nne hatukuijenga, tuliikuta.
Ng'wasi akaweka kiganja kwenye jiwe.
Saa moja usiku, jua limeshazama,
na jua lilikuwa bado mle ndani.
"Uliilaza na homa," akasema, "kila siku."

Tukaihamishia mlangoni, juu ya ubao,
panapopita upepo na si watoto.

Sasa Jumamosi moja baada ya nyingine
nafungua vifuniko sita,
nachungulia kama anayetazama koo la mgonjwa.
Bamba likikaribia kuchungulia nje, naongeza maji,
si kufurika, kulifunika tu.
Maji ya dukani, ya chupa, yasiyo na chumvi wala udongo.
Nikiinua macho naliona ziwa lote lile,
linaloshibisha nchi tatu,
na halina tone moja la kuinywesha betri yangu.

Nasugua unga wa kijani kwenye vichwa, napaka grisi.
Wadudu wa ziwani wakipita kama moshi
na kutua kwenye paneli, napanda na kitambaa.
Na Mhoja, mwanangu, tumegombana mara mbili kwa ajili ya mpira:
ikisoma kumi na mbili nukta mbili, zima.
Nusu yake ni yetu, nusu ni uhai wake.
"Lakini mama, ni dakika za nyongeza!"
Zima.

Jana umeme ulikatika tena. Siku ya ishirini.
Mji mzima ukazama, mawe yakabaki meusi kuliko usiku.
Mashine iliendelea kuvuma.
Nikavuta kigoda kando ya betri, tochi mkononi,
nasoma namba, nasubiri, nasoma tena.
Nimenunua cha kukesha,
na bado nakesha.
Saa tisa hivi, ndani ya yai moja,
kitu kikagonga.