Upana wa Dole Gumba

Jioni, si asubuhi.
Mguu wa mtoto aliyeshinda akikimbia huumuka kidogo,
kama unga uliolala na hamira,
na kiatu kilichomtosha saa mbili asubuhi
saa kumi na moja kitamng'ata.
Hili nililijua nimeshachelewa,
kucha ya dole gumba imeshang'oka,
naye kaificha ndani ya soksi siku nne.

Mimi ni fundi cherehani, Makoroboi.
Nimepima viuno vya maharusi, mabega ya wanakwaya,
shingo ya mheshimiwa mmoja asiyetaka unene wake utajwe.
Mguu wa binti yangu sikuwahi kuupima.

Nikatandika karatasi ya kaki sakafuni.
"Simama, Mbuke. Usiegemee ukuta. Uzito wote."
Chaki ikazunguka, akacheka, inamtekenya.
Kulia, sentimita ishirini na moja na nusu.
Kushoto, ishirini na mbili.
Miaka kumi naishi na mtoto
ambaye mguu mmoja umemtangulia mwenzake!
"Tutanunua cha mkubwa," nikasema, "mdogo atajipanga,"
nikajisikia nasema maneno ya nyumbani kwetu,
tulikokuwa tisa.

Mlango Mmoja, Ijumaa.
Raba zimemwagwa kwenye turubai kama sato,
matundu ya kamba yamekodoa.
Masalu, muuzaji, akaokota za waridi,
zinang'aa, zina taa kisiginoni.
Mbuke akaacha kupumua.
Nikazikunja. Zikakunjika katikati,
palepale mguu usipokunjika.
Kiatu kikunjike vidole vinapoanzia;
ni kama kiwiko cha koti, ukikosea mahali pake
mkono unabaki wa sanamu.
Nikazirudisha. Sikumtazama usoni.

"Chukua thelathini na saba, mama, atakua humo humo."

Humo humo.
Nami nilikua humo humo,
raba za kaka Bugumba, gazeti zima limeshindiliwa mbele,
bei ya pamba ikisagika chini ya vidole vyangu,
mpaka nilipoanguka, Ngudu, mbele ya shule nzima.
"Mita mia nane ni mwezi ujao," nikamwambia Masalu.
"Hatakimbia kwa mguu wa mwakani."

Tukachakura.
Hii soli imelika upande, mwenyewe alikanyagia ndani,
ukiivaa utafuata mwendo wake utake usitake.
Hii gundi bado mbichi, inaficha kitu.
Hii inacheza kisiginoni, malengelenge hayo.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na hiki atakilalia mwanangu, si mimi.
"Inabana?"
"Haibani."
"Mbuke."
"Hapa. Kidogo."

Mwisho, za kijivu,
rangi ya mawe ya Mabatini yakinyeshewa.
Dole gumba langu likaenea
kati ya kidole chake kirefu na ncha ya kiatu,
dole moja, si zaidi.
Kisigino kimetulia. Soli imelika sawasawa.
"Kimbia mpaka kwa yule wa ndoo, urudi."
Alikwenda na huzuni ya waridi.
Aliporudi hakuwa na nafasi nayo,
anahema, anauliza kama nilihesabu.

Elfu kumi na nne. Tulianzia ishirini na tano.
Chini ya ulimi wa kiatu, kwa wino uliofifia,
jina la mtoto wa mbali, hata kulitamka siwezi.
Yeye alikanyaga sawa.
Nikamshukuru kimoyomoyo.

Tukaupanda mlima kwa miguu, nauli imeingia kwa Masalu.
Viatu kavining'iniza shingoni, kamba kwa kamba;
miguuni ana kandambili, ya kushoto imefungwa waya.
"Vaa basi, mwanangu. Si vya shingo hivyo."
"Vitachakaa, mama. Hivi ni vya kukimbilia."
Nikafungua mdomo,
nikaufunga.

Karatasi ya kaki nimeibandika nyuma ya mlango.
Nimeandika tarehe.
Kuzunguka ule mstari wa chaki
nimeacha nafasi.