Taa ya Doha

Kwa mujibu wa skrini, saa mbili usiku wa Jumanne
boti *Nasibu* ilipanda nchi kavu,
ikapita Kizingo bila kugonga ukuta,
ikatia nanga Mwembe Tayari
baina ya muuza kahawa na kinyozi.
Kisha skrini ikaandika: hakuna setilaiti.
Ikanyamaza.

Nahodha Shekue ananisimulia haya asubuhi, gatini Liwatoni.
Hacheki.
"Nami nilikuwa kwenye mlango wa bahari, Kadzo,
na Wafilipino tisa nawapeleka melini,
na meli ya makasha inatoka."

Nafungua mkoba.
Naanza na walio karibu, kama mwenye nyumba aliyeibiwa.
Fyuzi, nzima.
Betri, volti kumi na mbili na nukta sita, haidaiwi.
Waya naufuata kwa kidole kutoka usukani,
chini ya kiti, nyuma ya jiko,
pale panya alipoonja akaghairi,
hadi juu ya paa. Nafungua kiungo:
kutu ya kijani, mbichi kama mwani.
Chumvi haibishi hodi.
Nakata inchi mbili, nafunga upya, nazungusha utepe.
Setilaiti kumi na moja.
Nahodha anasema alhamdulillahi, anatoa pochi.

Weka kwanza, namwambia.
Ugonjwa unaopona upesi siuamini.
Wewe umesema mchana zipo, usiku zinakimbia.
Kutu haijui saa.

Nikarudi baada ya isha.
Tukazima kila kitu, kisha tukawasha kimoja kimoja.
Redio: kumi na moja.
Pampu: kumi na moja.
Chaji ya simu ya Mbwana, kijana wa kamba: kumi.
Feni: kumi.
Kisha nahodha mwenyewe akabonyeza taa ya mlingotini,
sitaha ikawa nyeupe pe, hata misumari ikaota vivuli.
Saba.
Tatu.
Sifuri.

Zima, nikasema.
Kumi.
Washa.
Sifuri.

Taa hii ni mpya?
Hakunijibu. Akajibu Mbwana, kwa sauti ya msikitini:
Yahya ndiye aliyeileta. Kutoka Doha.
Mshahara wake wa kwanza.

Sasa mweleze mtu hili:
kwamba ndani ya taa mna kisanduku kidogo cha umeme,
cha bei rahisi, hakikuvishwa ngao,
nacho kinapiga kelele sisi hatuisikii;
na setilaiti, zilizo mbali mara sita kuliko Doha,
hutufikia kwa mnong'ono tu.
Anayenong'ona hana kasoro.
Sisi tumemweka mpiga zumari mlangoni pake.

Nilieleza. Nadhani nilieleza vibaya.
"Mwangaza ndio unaotupoteza?"
Si mwangaza, nikasema. Mwangaza hauna kosa.
Kosa ni la kilichoubeba.

Akaguna. Akainua macho kule juu.
"Alipanda mwenyewe kuifunga," akasema.
"Naye tangu mtoto aogopa kwenda juu.
Nilimshikilia miguu."
Hakusema Yahya alipiga simu lini mara ya mwisho,
nami kazi yangu ni nyaya.

Nikamwambia iko dawa: antena nitaisogeza mita mbili,
waya wa taa nitauvisha pete za sumaku.
Huenda zikatosha. Siahidi.
Zisipotosha, tutaishusha.
"Tutaishusha," akarudia,
kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenziwe.

Mbwana alikwisha kukunja kamba. Nilikwisha kufunga mkoba.
Nahodha akanyoosha mkono, akaiwasha tena.
Saba. Tatu.
Nikamwangalia.
"Ngoja," akasema, "tuone leo itatupeleka wapi."

Na kwenye skrini, kabla haijanyamaza,
ile boti ndogo nyeusi ikang'oka gatini,
ikapanda barabara ya Ganjoni polepole, bila sisi,
ikielekea upande wa nyumbani kwake.