Bidi

Neno lenyewe fupi, hutamkwa kama bidii
iliyokatwa mkia: bidi.
Ukilisaka kamusini, huko kwao Uingereza,
utalikuta na anwani nyingi kama mdaiwa sugu:
ushanga; tone la jasho;
kinundu kwenye ncha ya bunduki
ambacho mlengaji hukioanisha na sikio la sungura;
ukingo wa tairi ung'ang'aniao ringi;
na kule karakana, mstari wa chuma
kilichoyeyuka kikaganda
kati ya bamba na bamba.

Lakini teremka mpaka chini ya ukurasa,
penye herufi ndogo za kuumiza macho.
Hapo zamani halikuwa kitu cha kushikika.
Lilikuwa sala. Basi.

Watu walisali, wakapoteza hesabu,
wakatunga vidonge vya mbao uzini,
kila sala kidonge chake.
Vidole vikazoea, ulimi ukachoka,
jina likahama kinywani
likaenda kukaa mkononi.
Wala tusiwacheke. Tasbihi nayo
si ilikuwa sifa tupu
kabla haijawa punje tisini na tisa
zinazosahaulika mfukoni mwa koti?

Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey, Februari.
Colette Gilfoyle, miaka kumi na tisa,
amepiga goti mbele ya bamba la majaribio.
Mshono wa kwanza ulitoka kama mavi ya kuku.
Wa pili ulitoboa.
Ormerod, mkaguzi, hana maneno mengi:
"Nipe bidi moja. Ndefu. Usikimbie."

Usikimbie. Rahisi kusema.
Ndani ya barakoa ni giza
na nyota moja ya buluu isiyotulia.
Akamkumbuka bibi yake, Attracta,
aliyesali rozari huku akimenya viazi,
ganda moja refu, halikatiki,
mwendo uleule radi ipige, mkate uungue,
mwendo uleule hata wiki ile babu alipozikwa.

Colette haamini. Kanisa aliliacha
akiwa na miaka kumi na mitatu, bila ugomvi,
kama mtu anavyoacha kunywa maziwa.
Ila mwendo anaujua.
Midomo ikaanza yenyewe nyuma ya kioo:
sala moja, inchi moja,
sala moja, inchi moja,
mkono ukafuata kama mtoto aliyeshikwa kidole.

Alipogonga ukoko ukadondoka,
chini yake magamba ya samaki,
yamelaliana sawasawa toka ncha hadi ncha.
Ormerod akavua glavu, akapitisha gumba
polepole, kama asiyeona anayesoma.
"Hiyo," akasema, "ni bidi nzuri."

Hakujua amesifu nini.
Wala Colette hakumweleza; naye hakujua.
Alikwisha kuligeuza bamba, upande wa pili ukimngoja,
na pajini pake zilikuwapo nyingine, kumi hivi,
zinateremka moja moja,
hakuna aliyezihesabu.