Si Unga wa Shivachi

Khasandi aliniletea tawi la mululusia
amelifunga kwa gazeti la mwezi jana,
akalilaza mezani kama anayefungua kesi.
"Tazama mwenyewe. Unga wa Shivachi."

Kisa nakijua, Shinyalu nzima inakijua.
Kinu kiko ng'ambo ya ua wake;
dizeli ikikohoa siku ya soko
vumbi la mahindi hupanda, hutua lipendapo,
kwenye nguo za kanisani zilizoanikwa,
kwenye masharubu ya Shivachi mwenyewe.
Basi majani ya dawa yalipopauka
nani angeshuku kingine?
Miezi miwili hawajasalimiana.

"Umejaribu kuyaosha?"
"Naosha. Siku ya tatu weupe umerudi."
"Na mnanaa, si uko ua huo huo?"
"Uko."
"Nao ni mweupe?"

Kimya. Kuku alipita mlangoni mwa maabara.

Unga hauchagui.
Unga hauanzi kwa vidoa, mfano wa sarafu ya shilingi,
vikatambaa, vikakutana,
jani likajikunja ncha kama sikio la mbwa.

Nikabandika selotepu juu ya jani, nikaibandua,
nikaiweka chini ya hadubini ya shule,
ile yenye ufa, wasichana huiita Chongo.
Khasandi akainama. Akafumba jicho,
akafumbua, akafumba la pili.
Nikazungusha kirungu taratibu, taratibu,
hata pumzi yake ikasita.

"Shanga," akasema.
"Shanga zimetungwa. Zimesimama wima!"

Ndizo mbegu zake, nikamwambia.
Upepo ukichukua ushanga mmoja, jani jingine limeugua.
Ni kuvu. Huitwa ubwiri unga.
Hata aliyeupa jina, nadhani,
alianza kwa kumtazama jirani vibaya.

Kata matawi yenye weupe, yachome,
usiyatupe kwenye mbolea.
Punguza ule mpera unaoubania hewa.
Na majani haya usimchemshie mtu.

Hapo akakaa.
Akaanza kuhesabu kwa vidole:
mtoto wa Muhati, homa; mama mkwe wa Lubanga, tumbo;
kidole cha tatu akakirudisha ngumini
asinitajie.

Jumatano nilimwona kinuni,
debe kichwani, wa kwanza kwenye foleni,
wala foleni haikuwapo bado.
Hakusema pole.
Aliomba asagiwe laini,
akasimama palepale vumbini
mpaka nyusi zikawa nyeupe.