Mkeka wa Kulia

Sinia ni duara.
Wali umekaa kati kama mwezi wa kumi na nne,
sisi sita tumeuzunguka,
na mkeka una pembe nne.
Mimi kitindamimba nililia pembeni,
goti moja juu ya saruji;
mkono ukifika, samaki keshakuwa mwiba.

Mama alinitazama siku nyingi. Hakusema.
Usiku mmoja akashusha kawa ukutani,
akalibana kwa kiganja hadi likalala bapa,
akaliachia, likainuka.
Akalibana tena.

Asubuhi akaloweka miyaa,
akasuka ukili mrefu kama njia ya Wete,
akaanza kuuzungusha, sindano nyuma ya sindano,
na kila ulipofika upana wa uteo
ulijikunja, ukanyanyua ncha, ukawa kawa.
Mara tatu akafumua.
“Kawa ndiyo kawaida,” alicheka Bi Sichana, Kiuyu nzima ikasikia.
“Mkeka hauna kichwa, Mize, mgeni atakaa wapi?
Na kibla je, utaelekea wapi?”
“Wa kuswalia ule pale. Huu wa kulia.”
“Wa kulia nini? Hasara?”

Mara ya nne alilegeza uzi kila duru ikipanuka
(ndiyo siri yote, naitoa bure)
mkeka ukatulia chini kama maji ndani ya beseni.
Usiku ule nilipata kichwa cha changu,
na jicho lake.

Mwenye duka Wete aliukunja, akaukunjua,
akatafuta pembe ya kuushikia,
akataja nusu ya bei.
Mama akaurudisha kichwani, kwa miguu.

Kisha ikaja harusi Mchangamdogo.
Wakwe walikula juu yake,
haikujulikana nani mkubwa, na wote walishiba.
Baada ya Idi watu kumi na wawili walibisha hodi.
Bati tulilolala chini yake lilitoka humo,
na daftari zangu za skuli.

Leo huitwa mkeka wa asili.
Lazima duru saba, lazima zambarau ianzie ndani;
Bi Sichana ndiye hakimu wake.

Jana mwanangu Ruzuna kaleta wa kwake,
una tundu katikati,
“sinia likae chini, moto usiunguze ukindu.”
Wanawake wakaangua kicheko.
Mdomo wa mama nao ukafunguka.
Niliona neno “haijapata” limefika menoni.

Akalimeza.
Akapitisha mkono ndani ya tundu hadi kiwiko,
akapapasa ukingo.
“Hapa legeza uzi,” akasema. “Hapa patakukatikia.”