Umenawiri

Vanderhoof, Oktoba. Saa moja asubuhi na bado giza.
Kahawa imepoa kabla sijaipuliza.
Nafungua picha ya Julai,
iliyopigwa kilomita mia saba juu ya paa letu,
na msitu unanijia mwekundu.

Usishtuke. Kwenye skrini wekundu ndio uhai:
jani zima hurudisha mwanga ambao macho hatukujaliwa,
tukaupaka rangi ya damu ili utuelee.
Huko chini ni kinyume.
Msonobari ukigeuka mwekundu
ujue fukusi keshapita chini ya ganda,
kala, kazaa, kahama.
Mwaka unaofuata ni kijivu. Kisha ni kazi ya upepo.

Kazi yangu mimi ni kutoa:
Julai hii, toa Julai ile.
Kinachobaki ndicho kilichotokea.
Setilaiti hurudi kila siku ya kumi na sita
kama mdai, haibishi hodi,
na wingu likikaa njiani, deni hulala.

Mraba mmoja, mita thelathini kwa thelathini,
kaskazini ya barabara ya magogo.
Nukta saba tisa. Kisha nukta tatu moja.
Miaka tisa ya kusota huko chini,
halafu, kwa kujikongoja, nukta nne, nukta tano nane,
nukta saba moja!
Nikaandika kwenye safu ya mwisho: UMEPONA.
Nikajipongeza kwa biskuti.

Verna Pius akasoma, hakusema kitu,
akachukua ufunguo wa gari.
Alirudi saa tisa, matope hadi magotini,
akamwaga mfuko juu ya meza yangu:
majani ya mpopla, manjano kama sarafu,
nyasi,
na bua la gugu lenye manyoya meupe
ambalo Kiswahili hakijalipa jina.
Yeye alilitaja kwa lugha ya bibi yake, mara mbili;
nikajaribu mara mbili, akacheka mara mbili.
“Msonobari?” nikauliza.
“Hata mche.”
Akaanza kuvua buti.
“Mashine yako inasoma vizuri. Majina tu ndiyo haijui.”

Manyoya yalielea ofisini hadi jioni.
Nimeyakuta mengine leo kwenye kibodi.

Jumapili Mama hunitazama kutoka Muheza,
mraba wa kiganja, mimi ndani yake.
“Umenawiri,” husema,
naye ni mwalimu mstaafu, hagawi alama ovyo.
Namwambia nakula, nalala, theluji bado.
Si uongo. Mashavu yamejaa kweli.
Ila kilichojaza, Mama, sicho kilichokuwepo,
na sijui nikitaje kwa lugha ipi.

“Hebu sogea dirishani,” anasema, “nikuone vizuri.”
Nasogea.
Mtandao unakwama hapo hapo,
yeye mdomo wazi, mkono hewani,
na mimi nimesimama kwenye mwanga, nangoja
lipite.