Vizibo Ishirini

Dadu la pande ishirini hatuna. Tuna vizibo vya soda,
ishirini, kila kimoja na namba yake ya maka peni,
ndani ya kopo la siagi. Ukilitikisa, linacheka.
Hivyo ndivyo chombo chetu kinavyoamua kuishi au kufa
kila Alhamisi, nyuma ya karakana yangu, Kirumba,
mwaka elfu tatu mia moja na sita.

Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi. Nasema mapema
mjue ugonjwa wangu: nisichoweza kukifungua kwa spana
sikiamini. Bugumba akisema bomu limelia angani,
namuuliza limelia kwenye hewa gani.
Sayi akizima taa kwa sababu kapteni kaogopa,
nadai kuonyeshwa waya.

Ndipo Limi, muuguzi, akitoka zamu ya usiku Bugando,
akaja na macho mekundu na ziwa.
Ziwa zima, ndani ya chombo. Linazunguka kwenye pipa
refu kama kutoka hapa hadi Kamanga,
maji yameshika ukuta pande zote,
ukiinua uso unaona utosi wa wanaooga ng'ambo.
Na ziwa hilo, akasema, linazungumza.
Si kwa mitambo. Linazungumza tu.
Kisukuma, na Kikerewe kidogo likikasirika.

"Haiwezekani."
Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya plagi:
uzito wa maji, kasi ya pipa, chuma kitakachopasuka.
Nilikuwa sahihi. Nakumbuka utamu wake,
kama kufyonza kichwa cha sato wengine walichokiacha sahanini.

Limi hakubisha. Aliuliza tu:
"Na injini yako inayoushinda mwanga?
Iliingia hapa mwezi wa tatu. Nani aliifungua?"
Bugumba akakohoa kicheko.
"Akili yako, Nkwabi, ni karani wa forodha.
Mzigo wa mgeni unachanwa hadi uzi wa mwisho;
wa shemeji unapita, na chai juu."

Nikasema injini ni lazima, bila hiyo hatufiki.
Akasema, "Na mimi bila ziwa sifiki."

"Na yale?" Sayi akaelekeza kidevu dirishani:
jiwe la ukubwa wa nyumba juu ya jiwe dogo
juu ya jiwe, na kileleni mtu kaanika mashuka.
"Ungeyakuta kwenye daftari, ungeyakata."
Ningeyakata. Lakini mawe, niliwaambia,
hayana haja ya kuaminika. Yapo.
Uongo ndio unaopaswa kuvaa vizuri ukitoka.

Nililala na sentensi hiyo nikiipenda.
Usiku wa manane ikaniacha.
Maana ndani ya chombo kilekile, sakafu ya tatu,
mimi nina tangi la kioo. Sijalipigia hesabu hata siku moja.
Humo wanaogelea furu, wale wadogo wenye kifua chekundu,
ambao baba aliwajua kwa majina
nami sikuwaona, sangara aliwamaliza
kabla sijaota meno.
Mwaka elfu tatu mia moja na sita, wazima, wanakula.
Walitoka wapi?
Hakuna aliyeniuliza. Wenzangu
waliwapitisha, na chai juu.

Alhamisi iliyofuata sikuomba radhi.
Nilileta karatasi mpya: pipa likizunguka polepole,
ukuta ukinenepa hivi, maji yatatulia.
"Kuhusu kuzungumza," nikasema, "sina spana."
"Sijaomba spana," akajibu Limi.
Akashuka hadi ukingoni, akauliza swali lake.
Hakutuambia ni lipi; midomo tu ilicheza.
Kumi na mbili kwenda juu, ziwa litajibu.
Kopo likacheka. Akatoa kizibo.

Saba.

Tulikaa. Jenereta la jirani lilizimika.
Na mimi, niliyethibitisha kwa penseli
kwamba maji hayasemi,
nilikuwa nimeinama mezani, sikio upande.